Gunia Ni Lile Lile?

Oktoba 2023 nilikuwa nakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya kibanda cha nafaka cha dada yangu katika soko la Mawenzi, Morogoro, nikijiandaa kwa mtihani wa GRE. Nyumbani umeme ulikuwa unakatika, na sokoni kulikuwa na mahali pa kuchajia simu. Dada alikuwa anapima mchele. Mimi nilikuwa napima herufi.

Kwa asiyeujua, GRE ni mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani vimekuwa vikiutumia kuwapima waombaji wa masomo baada ya shahada ya kwanza. Sehemu yake ya hesabu hutolewa alama kuanzia 130 hadi 170. Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, mtihani ulikuwa umefupishwa: maswali ya hesabu 27 kwa dakika 47. Ada ilikuwa dola 220, zaidi ya laki tano za Tanzania, na laki tano hizo zilitoka kwenye droo ya Dada, ile iliyo chini ya mizani.

Ndani ya mtihani huo kuna aina moja ya swali ambayo sikuwahi kukutana nayo shuleni. Hawakuambii utafute x. Wanakupa vitu viwili, Kiasi A na Kiasi B, na majibu manne ambayo hayabadiliki kutoka swali hadi swali. Jibu la kwanza: Kiasi A ni kikubwa zaidi. La pili: Kiasi B ni kikubwa zaidi. La tatu: viko sawa. La nne, ambalo ni D: uhusiano wao hauwezi kubainishwa kutokana na taarifa zilizotolewa.

"Nisomee moja," Dada alisema, mteja alipoondoka.

"Kiasi A ni 4x kujumlisha 9. Kiasi B ni 4x kujumlisha 6."

"Hiyo x ni nini?"

"Namba yoyote. Haijulikani."

Akaitazama mizani yake. "Kwa hiyo huku magunia manne na kilo tisa, kule magunia manne na kilo sita."

"Ndiyo."

"Gunia ni lile lile?"

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidevu magunia ya mpunga yaliyopangwa upande wa pili wa njia, lumbesa zilizoshonewa kofia juu mpaka zikawa kama zina vichwa. Sokoni, neno gunia halikuambii kilo. Gunia la mtu huyu ni kilo mia, la yule ni mia na ishirini na zaidi, na mkulima aliyeuza shambani kwa gunia ndiye wa mwisho kulijua hilo.

"Lile lile," nikamwambia. "Ndani ya swali moja, x ni ile ile kila inapotokea."

"Basi A. Magunia yanatoka pande zote, zinabaki kilo tisa na kilo sita." Akafuta vumbi kwenye sahani ya mizani. "Lakini huyo aliyetunga hajawahi kununua mpunga."

Nikacheka, nikamsomea la pili. Kiasi A ni x kwa kipeo cha pili, yaani x mara x. Kiasi B ni x yenyewe.

"A tena. Ukizidisha kitu chenyewe kwa chenyewe kinakua."

"Jaribu nusu."

Akafikiri. "Nusu ya nusu ni robo. Kimepungua."

"Na moja?"

"Moja mara moja ni moja. Viko sawa." Akanitazama. "Sasa jibu lipi?"

"D."

"D ndiyo sijui?"

"Hapana. D ni kwamba haiwezi kujulikana. Ni jibu kamili, unapewa alama zako zote."

Mteja mwingine alikuwa amefika, anataka kilo mbili za maharage. Dada akaweka jiwe la kilo mbili upande mmoja, akamimina upande wa pili mpaka mkono wa mizani ukatulia. Akafunga mfuko, akapokea hela, akarudisha chenji. Kisha akasema, kama anayezungumza na mizani:

"Sisi hatukuwekewa D."

Sikumuuliza sisi ni nani. Nilijua.

*

Mwanzoni mwa 2014 Dada alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya kata. Matokeo yalipotoka alikuwa na daraja la tatu. Alifaulu, lakini hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano cha serikali. Kulikuwa na shule binafsi iliyokuwa tayari kumpokea. Mimi nilikuwa naingia kidato cha pili, shule ya bweni ya kulipia, ambako Baba alinipeleka mwaka mmoja kabla, wakati karakana yake ya useremala ilipokuwa na kazi nyingi. Mwaka 2014 kazi zilikuwa zimepungua. Ada ilikuwepo ya mtoto mmoja. Ama mimi nibaki bweni na Dada aishie hapo, ama mimi nihamie shule ya kata na Dada aende kidato cha tano.

Baba aliita kikao cha watu wanne. Juu ya meza, ambayo aliiunda mwenyewe, aliweka karatasi mbili: taarifa yangu ya mwisho wa mwaka na ya Dada ya muhula wake wa mwisho. Akasoma Hesabu. Mimi 88. Dada 54. Akasoma Fizikia na Kemia, na hali ilikuwa hiyo hiyo. Kisha akasema sentensi ambayo nyumbani kwetu iliishi kuliko karatasi zenyewe: "Mdogo ana kichwa zaidi. Tumsomeshe huyu."

Dada alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi na mitano. Alisema, "Sawa, Baba." Mama aliinuka kwenda kuangalia jiko. Shangazi, alipokuja wiki ile, alimfariji Dada kwa kumwambia kwamba vidole havilingani.

Nimeifikiria sana methali hiyo. Ni kweli vidole havilingani. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema kidole gumba ni kidole zaidi kuliko cha shahada. Methali inasema kwamba ni tofauti, na sisi tukasikia kwamba mmoja yuko juu.

*

Anayefundisha maswali haya ya kulinganisha hukupa kanuni chache, na zote ni nyepesi kukariri.

Ya kwanza: unaruhusiwa kuondoa kitu kile kile pande zote mbili, au kuongeza kitu kile kile. Mizani haitajali. Ndicho Dada alichofanya kwa magunia yake.

Ya pili: kama pande zote mbili zina namba tupu, bila herufi yoyote, futa D mara moja. Namba zinaweza kuwa za kutisha, mizizi ndani ya mizizi, lakini kila moja ina mahali pake pamoja kwenye mstari wa namba. Lazima moja iwe kubwa, au ziwe sawa.

Ya tatu: ukiona herufi, jaribu namba za tabia tofauti. Jaribu kubwa, jaribu moja, jaribu sifuri, jaribu nusu, jaribu hasi. Ukipata jozi mbili za majibu yanayopingana, umemaliza. Ni D.

Ya nne ndiyo inayoangusha watu: usigawanye wala kuzidisha pande zote kwa kitu ambacho huijui alama yake, kama ni chanya au hasi. Chukua 5x na 3x. Ukiambiwa tu kwamba x si sifuri, mkono unawasha kuikata x pande zote, ibaki 5 na 3, uchague A. Lakini x ikiwa hasi moja, pande hizo ni hasi tano na hasi tatu, na hasi tatu ndiyo kubwa. Ulichokikata kilikuwa na uwezo wa kugeuza mizani yote.

Nilizikariri kanuni hizi juu ya ile ndoo, na kwa siku kadhaa zilikuwa kanuni za mtihani tu. Baada ya Dada kusema alichosema, kila niliporudi kwenye mazoezi niliiona ile meza ya Baba.

Baba alitumia kanuni ya pili. Aliona 88 na 54, namba tupu, hakuna herufi. Nani asiyejua ipi ni kubwa? Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba alikuwa analinganisha namba. Alitaka kulinganisha vichwa, na kichwa hakikuwa kimeandikwa kwenye karatasi. Alama ile ilikuwa kichwa kikiwa kimezidishwa na mambo mengine. Darasa la Dada lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sabini, na kwa karibu nusu mwaka hawakuwa na mwalimu wa Hesabu. Kijana aliyetoka kumaliza kidato cha sita ndiye aliyekuwa anakuja kuwasaidia kwa kujitolea. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi thelathini na wawili, na ukikwama ulimfuata mwalimu mpaka jioni. Dada aliamka saa kumi alfajiri kumsaidia Mama kukaanga vitumbua vya kuuza. Mimi niliamshwa na kengele, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kutandika kitanda.

Kwa hiyo 88 ilikuwa kichwa changu mara mazingira yangu, na 54 ilikuwa kichwa chake mara mazingira yake. Ili useme kwamba kichwa changu ni kikubwa, lazima uyakate mazingira pande zote, na huwezi kuyakata mpaka yawe yale yale. Gunia halikuwa lile lile.

Kuna wanaoliona hilo na bado wanakata. Mjomba wangu ni mmoja wao. Yeye husema shida humkomaza mtu, kwa hiyo kama Dada angekuwa na kichwa, shida zingemnoa. Hapo amechukua kitu ambacho haijui alama yake, akakiandikia chanya. Kuna mtu ambaye kuamka saa kumi alfajiri kunamjenga, na kuna ambaye kunamlaza usingizi kwenye kipindi cha saa tatu. Kwa baadhi, kitu kile kile huwa chanya mwaka huu na hasi mwaka ujao. Huwezi kujua kwa kukaa mezani.

*

Baada ya kufika hapa, ilikuwa rahisi kwangu kupiga hatua moja zaidi na kusema: basi watu hawalinganishwi. Kila mtu ni wa kipekee, jibu ni D siku zote. Ni sentensi nzuri ya kuweka kwenye picha ya machweo. Lakini kwenye mtihani sentensi hiyo ingeniangusha.

Mwanafunzi mvivu akiona herufi tu anabonyeza D. Anadhani D maana yake ni "kuna kitu sikijui". Sivyo. Tukirudi kwenye x kwa kipeo cha pili na x, watunzi wakikuongezea taarifa moja ndogo, kwamba x ni kubwa kuliko moja, jibu linakuwa A, na aliyechagua D amekosa, ingawa bado hajui x ni ngapi. Unaweza kukosa kujua namba yenyewe na ukajua vizuri ipi ni kubwa. Ili usema D lazima uwe nayo ile mifano miwili inayopingana: hapa A inashinda, na hapa, bila kuvunja sharti lolote, A inashindwa. D hudaiwa uthibitisho kama majibu mengine. "Sijui" ni habari kuhusu mimi. "Haiwezi kubainishwa" ni habari kuhusu taarifa zilizopo, na ni lazima nimezipekua kwanza.

Nalisisitiza hili kwa sababu tunaishi na D za uongo nyingi. Ofisa anayeulizwa kwa nini kijiji hiki kina kisima na kile hakina, anasema mambo haya ni magumu kuyalinganisha. Mume anayempiga mkewe anasema kila ndoa ina yake. Hizo ni kazi ambazo hazijafanywa, zikavalishwa nguo ya unyenyekevu. Mambo mengine yanalinganishika kabisa, na asiyetaka kulinganisha ana sababu zake.

Kwa hiyo sikuwa na haki ya kusema D kuhusu mimi na Dada mpaka niifanye kazi. Mfano wa kwanza: yawezekana kabisa kwamba tungewekwa darasa moja, mwalimu mmoja, asubuhi moja, mimi ningemzidi. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri na nilipenda mitihani. Mfano wa pili: yawezekana kabisa angenizidi. Yeye ndiye aliyenifundisha kugawanya kwa namba mbili nikiwa darasa la nne, kwa maharage, sakafuni. Kila nilichokijua kuhusu sisi wawili mwaka 2014 kinakubaliana na mifano yote miwili. Hapo ndipo D inapothibitika.

*

Kuna D nyingine, ya ndani zaidi, ambayo GRE haina habari nayo. Ya mtihani huponywa kwa taarifa: ukiambiwa x, uhusiano unajulikana. Wanafalsafa wawili, Joseph Raz katika kitabu chake The Morality of Freedom cha 1986, na baadaye Ruth Chang, wameuliza kama kuna vitu ambavyo hata ukijua kila kitu kuvihusu, hakimojawapo ni bora, na bado haviko sawa.

Njia ya kulionyesha hilo ni ya aljebra kabisa. Chukua kazi mbili, ualimu na uuguzi, na mtu anayezipenda zote kiasi kwamba baada ya kufikiri mwaka mzima hawezi kusema ipi ni bora kwake. Tuseme ziko sawa. Kama ziko sawa, ukiongeza kitu kidogo upande mmoja, mizani lazima ilale upande huo. A ikiwa sawa na B, A kujumlisha 1 ni kubwa kuliko B. Sasa ongeza shilingi elfu ishirini kwenye mshahara wa ualimu. Je, mtu yule sasa anajua? Wengi wetu tungebaki pale pale. Basi hazikuwa sawa. Na hakuna iliyokuwa juu. Chang anasema huo ni uhusiano wa nne, unaosimama kando ya kubwa, ndogo na sawa. Neno lake nalitafsiri hivi: vitu hivyo ni vya rika moja. Watu wa rika moja hawafanani na hawako sawa kwa urefu wala mali, lakini huwezi kumweka mmoja mbele ya mwenzake kwa sababu ya rika.

Nadhani mimi na Dada tulikuwa na D zote mbili. Moja ingeponywa: Baba angeweza kwenda shuleni kwake, angekuta kwamba 54 ilikuwa miongoni mwa alama za juu darasani. Hakwenda. Lakini hata angekwenda, hata angefunguliwa vichwa vyetu akavisoma kama kitabu, sidhani angekuta namba ndani ya kila kimoja, tayari kupangwa. Angekuta binti anayependa mitihani na binti anayeweza kumfundisha mtoto kugawanya kwa maharage. Watoto wa rika moja.

Na ada ilikuwa ya mmoja.

Hapo ndipo mtihani unapoachana na maisha. Kwenye GRE ukishathibitisha D unabonyeza, unaendelea na swali linalofuata. Baba angethibitisha D, na asubuhi yake bado shule ingedai pesa. Mtu hawezi kumlipia ada "haiwezi kubainishwa". Kwa hiyo simlaumu kwa kuchagua. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kile angechagua. Swali langu ni dogo zaidi, na kwangu ni zito zaidi: ukishachagua pasipokuwa na aliye juu, unamwambia nini uliyemwacha?

*

Novemba 2023, baada ya mtihani, nilikuwa naandika maelezo binafsi ya kuombea chuo. Ni ukurasa mmoja na zaidi kidogo wa Kiingereza ambao ndani yake unatakiwa kueleza ulikotoka na kwa nini wakuchukue. Nilimpa Dada simu asome, nikijivunia. Alisoma taratibu, akirudi nyuma mara kwa mara. Kisha akaweka kidole kwenye sentensi moja. Niliandika kwamba dada yangu hakufanikiwa kimasomo, na kwamba mimi nilikuwa wa kwanza katika familia kufika chuo kikuu.

"Hakufanikiwa," alisema, "au hakupelekwa?"

"Ni lugha ya maombi tu, Dada."

"Sawa." Akanirudishia simu, akaenda kufunika mizani kwa kitambaa, maana soko lilikuwa linafungwa.

Ilikuwa "sawa" ile ile ya mwaka 2014.

Usiku ule niliifuta sentensi na kuiandika mara nyingi. Nikiandika "hakupelekwa", Baba anakuwa mtu mbaya, na si kweli. Nikiandika "alijitoa kwa ajili yangu", namfanya Dada mtakatifu, na hilo pia si kweli, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Na hapo nikaliona jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa miaka tisa. Sentensi ya kwanza haikuwa lugha ya maombi. Niliiamini. Kichwani mwangu nilikuwa bado nina ile karatasi ya 88 na 54, na kila mtihani niliofaulu baadaye, kidato cha nne, cha sita, shahada, niliuhesabu kama ushahidi kwamba Baba alijumlisha vizuri. Sikujiuliza nalinganishwa na nani. Upande wa pili wa mizani ulikuwa umeachwa mtupu tangu 2014, na mimi nilikuwa nashangilia kwamba upande wangu ni mzito.

Mwishowe niliandika hivi: ada ilitosha mtoto mmoja, na nilichaguliwa mimi. Ndivyo ilivyokwenda maombi. Nilikubaliwa, na sasa niko mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili ya takwimu, katika mji wa Marekani wenye theluji. Nilipofika niligundua kwamba programu nyingi zilikuwa tayari zimeacha kuidai GRE.

*

Mwaka huu nilimpigia Baba simu, nikamuuliza. Si kwa ujasiri. Nilianza na hali ya hewa, nikaulizia magoti yake, nikafika huko kwa kuzunguka.

"Baba, mwaka ule ulijuaje kwamba ni mimi?"

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Sikujua," alisema.

"Lakini ulisema mimi nina kichwa zaidi."

"Ningemwambiaje mwanangu? Kwamba nimefumba macho nikachagua? Mtoto anataka sababu. Nikampa iliyokuwa karibu."

Alidhani ni huruma, na naielewa huruma hiyo. Kuachwa kwa sababu kunaonekana kwepesi kuliko kuachwa bila sababu. Lakini sababu ile ilifanya kazi mbili ambazo hakuzikusudia. Kwanza, ilimpa Dada habari kuhusu yeye mwenyewe ambayo haikuwa ya kweli, na akaishi nayo. Aliacha hata kugusa vitabu vyangu nilipokuwa likizo. Pili, na hili ndilo nimechelewa kulielewa, ilifuta deni. Kama A ni kubwa kweli, hesabu imefungwa. Aliyestahili amepewa, na aliyebaki hadai kitu. Lakini kama jibu lilikuwa D na bado mmoja akapewa, hesabu haijafungwa. Mtu amekosa kitu alichostahili kama mwenzake, na familia nzima, kuanzia aliyepewa, inadaiwa. Uongo mdogo wa Baba ulitufanya wote tulale vizuri kwa sababu ulituambia kwamba hatudaiwi.

Angeweza kusema: ninyi nyote mnastahili, fedha ni ya mmoja, nimechagua bila kujua, na uliyebaki nakumbuka kwamba nina deni lako. Ingemuuma Dada. Lakini angeumia akiwa na kichwa chake mwenyewe, na mimi ningekua nikijua kwamba nakula kwenye sahani ya watu wawili.

Nilimweleza Dada alichosema Baba. Aliuliza kitu kimoja tu: "Alisema mwenyewe, hakujua?"

"Mwenyewe."

"Mwambie anipigie aniambie mimi."

Alimpigia Jumapili. Mama anasema waliongea muda mrefu, Baba akiwa amekaa nje karakana, na chakula kikapoa. Walichozungumza sikijui.

Wiki mbili baadaye nilipata kibarua chuoni, nikamrudishia Dada zile laki tano za mtihani, kwa simu. Ujumbe wake ulifika wakati mimi niko darasani.

"Nimepata. Hii ni ile ya mtihani. Ile nyingine tutaongea ukirudi."